Mwaka Ufuo Uliponyamaza: Korona na Riziki ya Utalii Kwale

Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa Ukunda mbele ya wahudumu wa ufuo, waendesha mashua, wachuuzi na viongozi wa vikundi



Hakuna mtu wa Diani anayehitaji kuelezwa Korona ilikuwa nini. Kila mmoja hapa aliivaa barakoa, akaukimbia muda wa kafyu, na wengine walizika. Lakini kumbukumbu za watu huchagua. Barakoa inakumbukwa kwa sababu ilichekesha watoto, na kafyu kwa sababu ya askari. Daftari la madeni ya duka halikumbukwi, wala karo iliyokosekana, wala mashua iliyouzwa kwa bei ya mbao. Mazungumzo ya leo yanahusu mambo hayo, maana ndiyo yaliyoacha alama katika ufuo huu, na baadhi ya alama hizo hazijafutika.

Kwanza tarehe, kwa sababu siku hizi watu hubishana. Mgonjwa wa kwanza nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba wasafiri kutoka nchi zenye ugonjwa hawataingia, isipokuwa raia na wakazi, na shule zikaanza kufungwa. Usiku wa Machi 25 ndege za abiria za kimataifa zilisimama. Machi 27 kafyu ilianza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na jioni hiyo hiyo watu waliokuwa wakikimbilia feri ya Likoni wafike nyumbani kabla ya saa walirushiwa vitoa machozi. Aprili 8 kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi zilifungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Pasaka ilikuwa Aprili 12. Yaani tangu mgonjwa wa kwanza hadi mlango kufungwa kabisa, hazikupita wiki 4.

Anayeishi na bahari ataona mara moja kwa nini wakati huo ulikuwa mbaya kuliko mwingine wowote. Msimu wa wageni hapa hufuata upepo. Kaskazi inapovuma, kuanzia Desemba hadi Machi, maji ni matulivu, mashua hutoka, Wazungu hukimbia baridi ya kwao na hoteli hujaa. Masika yakifika Aprili, mvua hunyesha, kusi huingia, mwani hutapakaa mchangani, na hoteli nyingi hutumia muda huo kupaka rangi na kuwapa wafanyakazi likizo. Kwa hiyo kila mtu wa ufuo, awe mwendesha mashua au mama wa madafu, huishi Aprili, Mei na Juni kwa akiba aliyoiweka wakati wa kaskazi. Ni hesabu ya zamani. Fedha za Februari ndizo huvusha nyumba hadi Julai, wageni wa likizo za Ulaya wanapoanza kurudi.

Mwaka 2020 watu waliingia katika miezi ya njaa kama kawaida, na akiba ya kawaida, na wengi wao hawakuona hatari hata kidogo. Aprili ilipita, Mei ikapita. Ilipofika Julai ndipo ikajulikana kwamba ng'ambo ya mto hakuna kitu. Wageni wa Julai na Agosti hawakuja. Aliyekuwa ameweka ya miezi 3 sasa alitakiwa kuishi nayo mwaka mzima.

Takwimu za taifa zinasema yafuatayo. Mwaka 2019 Kenya ilipokea wageni wa kigeni zaidi kidogo ya milioni 2. Mwaka 2020 hawakufika laki 6, na wengi kati ya hao walikuwa wameingia kabla ya mwisho wa Machi. Mapato ya utalii, kwa hesabu ya Shirika la Takwimu la Kitaifa, yalishuka kutoka shilingi bilioni 163.6 hadi bilioni 91.7. Sekta ya malazi na vyakula ilisinyaa karibu nusu, kuliko sekta nyingine yoyote ya uchumi, katika mwaka ambao uchumi wote wa nchi uliteleza kidogo tu. Hapo ndipo takwimu za taifa zinapoweza kudanganya. Nchi kwa jumla ilijikwaa ikasimama, kwa sababu majani chai yalichumwa, maua yakasafirishwa, mahindi yakavunwa. Mahali kama Diani, Tiwi au Shimoni hapana majani chai.

Ili kuelewa hasara ilivyosambaa, inafaa kufuata shilingi moja ya mgeni. Mgeni anaposhuka uwanja wa ndege wa Moi, dereva wa teksi au wa gari la kampuni humpokea. Kuna anayembebea mzigo. Hotelini kuna anayemwandikisha, anayemtandikia kitanda, anayemkaangia samaki. Samaki huyo alivuliwa na mtu wa Mwaepe au Mkunguni, akauzwa kwa mchuuzi, akapelekwa hotelini kwa bodaboda. Mboga zimetoka Shimba Hills, maembe Msambweni, nazi kila mahali. Shuka zimefuliwa. Jioni mgeni hutaka ngoma, na kuna kikundi cha wachezaji. Asubuhi hutembea ufuoni akakutana na muuza leso, mchonga vinyago, mwenye ngamia, na kijana anayemwambia kwamba maji yakitoka atamwonyesha kiti cha pweza. Kesho yake huenda Kisite kutazama pomboo, akala kaa Wasini. Kijana wa ngamia naye ana mke anayenunua unga kwa jirani, na jirani ana mtoto anayelipiwa karo.

Sasa kwa hesabu ya mfano tu: mgeni akikosa kuja, hoteli hukosa fedha nyingi kwa mkupuo mmoja, na hasara yake huonekana kwenye vitabu. Mvuvi hukosa bei ya kilo 2 za pweza. Mama wa mboga hukosa kikapu kimoja. Kila mmoja hukosa kidogo, na kidogo hicho hakiandikwi popote. Lakini kwa mvuvi hicho kidogo ndicho kilikuwa chote. Wavuvi wengi waliendelea kuingia baharini mwaka 2020, na samaki walikuwepo. Kilichokosekana ni mnunuzi wa kamba mkubwa, wa pweza, wa kamba mawe. Samaki wa hoteli waliuzwa mitaani kwa bei ya dagaa, na familia nyingi za Diani zikala kamba mawe kwa mara ya kwanza. Hadithi hiyo husimuliwa kwa kicheko, lakini aliyewavua hakucheka.

Serikali ya kitaifa haikukaa kimya, na haki yake ipewe. Kodi ya ongezeko la thamani ilipunguzwa kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia Aprili 2020. Waliokuwa na mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi waliondolewa kodi ya mapato hadi mwisho wa mwaka. Shilingi bilioni 10 ziliongezwa kwa wazee, mayatima na wasiojiweza kupitia pesa za Inua Jamii. Mwezi Mei ulitangazwa mpango wa bilioni 53.7 wa kuinua uchumi, na ndani yake mlikuwa na mikopo nafuu ya ukarabati wa hoteli kupitia Shirika la Fedha za Utalii, fungu la kuajiri walinzi 5,500 wa jamii chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na jingine la kusaidia hifadhi 160 za jamii. Ada za kuingia mbuga ziliteremshwa kwa mwaka mmoja kuanzia Julai. Hata kutuma pesa kwa simu chini ya shilingi 1,000 kulikuwa bure.

Lakini soma orodha hiyo tena, polepole. Msamaha wa kodi ya mshahara unamfaa mwenye hati ya mshahara. Mkopo wa ukarabati unamfaa mwenye jengo, leseni na hesabu zilizokaguliwa. Fungu la hifadhi linaifaa hifadhi iliyosajiliwa. Inua Jamii ina daftari lake. Mtu aliyekuwa akisimama mchangani tangu saa moja asubuhi na leso 20 begani, au kijana aliyelipwa na nahodha kwa safari, hakuwa katika daftari lolote kati ya hayo. Hakukataliwa msaada. Alikosa mahali pa kuitwa jina lake. Mizani ya mambo yote yanayosemwa leo iko hapa, na itarudiwa kabla ya mwisho.

Linganisha na wavuvi. Kikundi cha usimamizi wa ufuo, maarufu kama BMU, kina orodha ya wavuvi wake na vyombo vyao. Kuna mahali ambapo orodha hizo ni mbovu, majina ya marehemu yamo na ya vijana hayamo, na kila mtu hapa anajua ni wapi. Hata hivyo, mtu akiuliza kijiji fulani kina wavuvi wangapi, lipo daftari la kufungua. Ukiuliza wauza vinyago ni wangapi kutoka Kongo hadi Galu, jibu utakalopata ni la kukadiria kwa macho.

Wazee watasema Pwani imewahi kuona mabaya kabla ya Korona, na ni kweli. Baada ya fujo za Likoni za Agosti 1997 hoteli za Kusini zilibaki tupu. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2007 vilevile. Mei 2014 Uingereza iliwaonya raia wake wasiende Mombasa, na kampuni za usafiri zikawaondoa wateja wao katikati ya likizo. Kila mara watu waliumia, kisha wakainuka. Ila misiba ile ilikuwa na mlango wa nyuma. Uingereza ikionya, Mwitaliano bado anakuja Malindi. Wazungu wote wakiogopa, Mkenya wa Nakuru anapanda basi. Kijana wa Diani akikosa kazi hapa huvuka mpaka kwenda Tanga au Zanzibar kuoshea watu vyombo. Mwaka 2020 milango ilifungwa yote kwa siku zilezile, na ndugu waliokuwa Dubai na Oman, ambao kwa kawaida hutuma chochote msiba ukitokea, baadhi yao walikuwa wenyewe wamefungiwa vyumbani bila mshahara.

Basi watu walifanya nini? Wengi walirudi shambani. Vijana waliozaliwa na kukulia Ukunda walirudi Kinango, Ndavaya, Lunga Lunga, kwa bibi na babu, wakashika jembe wasilolizoea. Mwaka ule mihogo ilipandwa mahali palipokuwa pori. Wengine walikata mkaa, na athari zake bado zinaonekana ukipita barabara ya Samburu. Wapishi wa hoteli walianza kukaanga viazi karai barabarani, na waliokuwa na mkono mzuri waliwavuta wateja hadi wenye vibanda vya zamani wakanuna. Wahudumu wa vyumbani walifulia majirani. Tuktuk zilipungua, kwa kuwa nyingi zilikuwa za mkopo. Wenye mikopo walinyang'anywa, au walizipeleka wenyewe. Mashua za kioo zilivutwa juu mchangani na kukaa juani. Mashua ya mbao ikikaa juani miezi 6 hufumuka, na kuitia kalafati upya si kazi ya bei rahisi. Wengi walipopata wageni tena, hawakuwa na chombo cha kuwapandisha.

Juni 6 Kwale na Kilifi zilifunguliwa, Mombasa ikafuata mwezi Julai. Ndege za ndani ziliruka tena Julai 15, za kimataifa Agosti 1. Hapo ndipo ufuo ulipopokea mgeni ambaye kwa miaka mingi ulimchukulia kama wa akiba.

Mgeni huyo ni Mkenya. Tusifiche, wengi ufuoni hawakumpenda. Walizoea kumwona akija Desemba na Pasaka tu, na kumhesabu kama mtu wa kelele anayekuja na chakula chake kwenye gari. Mwaka 2020 alikuja akiwa na watoto 4, mama mkwe na jokofu dogo, akakodisha kotegi nzima badala ya chumba cha hoteli, akatafuta mpishi wa siku 5. Hakuna aliyekuwa na mazoea ya kumhudumia. Muuza vinyago alimwonyesha twiga wa mti wa mkongo, naye akajibu kwamba kwao Machakos vinachongwa na mjomba wake. Bei ya dola haikumwingia akilini, na alipotajiwa bei alicheka na kutaja nyingine kwa Kiswahili safi, nusu ya nusu.

Waliopona kiuchumi ni wale waliomsoma haraka. Aligundulika kuwa anapenda mambo ambayo Mzungu hakuyajali. Watoto wake hawajui kuogelea, kwa hiyo anayejua kufundisha kuogelea ana kazi ya siku nzima, na anayekodisha boya la kuelea pia. Anataka picha, nyingi, na anataka zitumwe kwenye simu kabla hajatoka majini. Anakula mabuyu, achari, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, madafu asubuhi na jioni. Anataka mahamri na mbaazi mlangoni saa moja kamili. Anapanda ngamia na watoto wote 4 kwa zamu, akibishania bei ya kila mmoja. Anataka mpishi atakayempikia samaki wa kupaka kama alivyoonja kwa rafiki wa Mombasa, na akiridhika humpa namba mpishi huyo kwa shemeji, na shemeji kwa watu wa kanisani. Kuna wapishi wa Ukunda leo wasiotegemea hoteli yoyote, na kazi yao ilianza hivyo, kwa mgeni aliyekuja na jokofu.

Hata hivyo, soko la ndani lina udhaifu wake, na Pasaka ya 2021 ililionyesha. Hoteli na kotegi zilikuwa zimewekwa nafasi, watu wamenunua vyakula. Machi 26, siku 9 kabla ya Pasaka, Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru zilifungwa. Pwani haikufungwa safari hii, lakini wageni wake wote walikuwa ndani ya kaunti zile 5. Simu za kughairi zililia siku mbili mfululizo. Wapo waliokuwa wamekopa kununua bidhaa za Pasaka, na kwao pigo hilo lilikuwa baya kuliko la mwaka uliotangulia, kwa kuwa mara ya kwanza walipoteza akiba na mara ya pili walipoteza fedha za watu. Aprili hiyohiyo Uingereza iliiweka Kenya katika orodha nyekundu na haikuitoa hadi Septemba. Kafyu yenyewe iliondolewa Oktoba 20, 2021, Siku ya Mashujaa. Siku hiyo wanamuziki wa hotelini walikuwa na zaidi ya miezi 18 bila kupiga muziki wa usiku.

Pana sehemu nyingine ya Kwale ambayo hutajwa kidogo katika habari za utalii, nayo ni upande wa bara. Hifadhi ya ndovu ya Mwaluganje ilianzishwa miaka ya 1990 na wakulima wa Kiduruma na Kidigo walioamua kuacha mashamba yao yawe njia ya ndovu, wakitegemea kugawana mapato ya langoni. Mpango kama huo ni ahadi kati ya mkulima na mgeni asiyemjua. Mgeni akikosa kuja, ndovu hawakosi. Wanaendelea kula, kupita na kuangusha minazi ya jirani, na mkulima hawezi kurudi kulima siku moja alipowaachia. Wanaofikiri kwamba Korona iliuma ufuo peke yake waende wakakae na wazee wa Golini asubuhi moja.

Kwa upande mwingine, Gazi. Mradi wa Mikoko Pamoja hulinda mikoko na kuuza hewa ukaa kwa wanunuzi walio mbali, na fedha zake zimeleta maji na vitabu vya shule katika vijiji vya Gazi na Makongeni. Mnunuzi wa hewa ukaa hana haja ya kushuka uwanja wa ndege. Akina mama wa Gazi wana pia daraja la mbao la kutembeza wageni ndani ya mikoko, na hilo lilinyamaza kama kila kitu kingine. Lakini mkono wa pili ulikuwepo. Kibuyuni nako akina mama hulima mwani baharini, zao linalouzwa bila kujali hoteli zimejaa au ni tupu. Haisemwi hapa kwamba mwani unalipa vizuri kuliko watalii. Haulipi. Kinachosemwa ni kwamba nyumba iliyokuwa na mwani na mgeni haikulala sawa na nyumba iliyokuwa na mgeni peke yake.

Leo hali imegeuka. Mwaka 2024 Kenya ilipokea wageni wa kigeni zaidi ya milioni 2.3, juu ya idadi ya 2019. Barabara ya Dongo Kundu imewaondolea wengi foleni ya feri. Desemba Diani hapapitiki. Ukisikiliza redioni utadhani msiba umekwisha. Lakini takwimu ya wageni haihesabu waliokosa kurudi. Kuna wahudumu waliofanya kazi hotelini miaka 15 na nafasi zao zikachukuliwa na vibarua wa miezi mitatu mitatu. Kuna wasichana walioacha shule mwaka 2020, na madarasa yalipofunguliwa Januari 2021 walikuwa wake za watu. Mchonga vinyago aliyeuza patasi zake hazioni tena. Idadi ya wageni hurudi kwa sababu wageni ni wengi duniani, na huyu asipokuja atakuja mwingine. Nyumba moja iliyovunjika haina mbadala wa namna hiyo.

Kwa hiyo suala la daftari. Kila linapotajwa katika mikutano, wahudumu wa ufuo hunung'unika, na manung'uniko yao yana msingi. Wanasema: wakiandikwa watatozwa. Wanasema kitambulisho cha kazi huwa silaha mkononi mwa askari, anayekuwa nacho huulizwa leseni na asiye nacho hufukuzwa. Wanasema waliwahi kuandikwa na wanasiasa wakati wa kampeni, wakapiga picha, na hakuna kilichofuata. Afisa wa kaunti akisema malalamiko hayo ni ya uongo, hatakuwa mkweli. Usajili usiokuwa na faida inayoonekana ni kodi kwa jina jingine, na mzigo wa kulithibitisha vinginevyo uko kwa serikali. Haumpasi muuza leso.

Hata hivyo fikirieni Aprili 2020 kwa mara nyingine. Laiti siku ile kungekuwa na orodha ya wahudumu wa ufuo kutoka Tiwi hadi Vanga, yenye majina, kazi na namba za simu, shilingi elfu mbili au tatu zingeweza kutumwa kwa kila mmoja katika jioni moja, kwa simu, bila foleni na bila mjumbe wa kugawa unga kwa jamaa zake. Njia ya kutuma ilikuwepo, na ilikuwa bure. Majina ndiyo hayakuwepo. Na tufani, au ugonjwa mwingine, au vita vitakavyofunga anga ya nchi nyingine, havitangoja hadi majina yawe tayari.

Usajili wenyewe si lazima uanze kwa serikali. Sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya mwaka 2022 inaruhusu watu 10 au zaidi kuunda kikundi na kukisajili katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Kinachotakiwa ni muhtasari wa kikao cha kwanza, katiba ya kikundi, viongozi waliochaguliwa, na orodha ya wanachama wenye vitambulisho. Vyama vya kuchangiana vipo tayari kila mtaa wa Ukunda, vingine vina miaka 20, vina mweka hazina na kisanduku. Vingi havikosi chochote isipokuwa karatasi. Kikundi kikisajiliwa kinaweza kufungua akaunti, kuomba fedha za vijana na wanawake, na kupeleka orodha yake katika ofisi ya wadi ibaki huko. Orodha ikiwa ya kikundi chenyewe, kikundi ndicho kitakachojua nani amekufa, nani amehamia Mtwapa, na nani aliingizwa na shemeji yake bila kuuza hata dafu moja.

Mtu binafsi naye ana la kufanya. Mpango wa Haba Haba wa NSSF unapokea shilingi 25 kwa siku kutoka kwa mtu asiye na mwajiri. Bima ya afya ya SHA kwa mwenye kipato kidogo huanzia shilingi 300 kwa mwezi. Hizo si fedha chache kwa mtu anayeuza madafu mwezi wa Mei, na ndiyo maana waliofaulu huweka wakati wa kaskazi, Januari na Februari, kwa mwaka mzima, kama wazee walivyokuwa wakiweka nafaka darini.

Fomu za vikundi ziko mezani karibu na mlango, na maafisa wawili watakaa hapa hadi saa kumi kusaidia wasiopenda kuandika. Sasa ni nafasi ya maswali. Waendesha mashua waanze, maana maji yanajaa saa nane na wana watu wa kuwavusha.